Kuyeyusha makaa ya mawe maabarani: kiyeyushi chepesi kinachotiririka, au kizito chenye nguvu?

Tangu malori ya makaa ya mawe yaanze kushuka kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, kuja bandari ya Mtwara, wanafunzi wa kemia huku kwetu wana swali moja lisiloisha: haya makaa yanayeyushwa na nini? Wengi huwa wameshajaribu kabla ya kuuliza. Wameloweka punje kwenye mafuta ya taa, kwenye petroli, kwenye thina ya duka la rangi, wakaona kimiminika kimegeuka rangi kidogo na jiwe limebaki jiwe. Lami ya barabarani ingekuwa imeshalegea na kuyeyuka kwenye mafuta ya taa hayo hayo. Makaa yamegoma.

Jibu langu kwa maabara ndogo ya Mtwara au Lindi ni hili: anza na kiyeyushi chepesi, na ukipitishe katikati ya makaa badala ya kuyaloweka. Najua vitabu vingi vinasifu viyeyushi vizito, piridini na NMP (N-methili-pirolidoni), kwa sababu zinatoa kiasi kikubwa zaidi. Ni kweli zinatoa. Lakini kutoa kingi na kujua umetoa kiasi gani ni mambo mawili, na hilo la pili ndilo linalowashinda watu.

Kwanza, kinachoyeyuka ni nini

Makaa ya mawe hayayeyuki kama chumvi. Sehemu kubwa ya makaa ni mtandao wa molekuli zilizofungamana, na ndani yake mna molekuli ndogondogo zilizonaswa. Fikiria jarife lililojikunja na samaki wamo ndani: kazi ya kiyeyushi ni kufungua macho ya wavu ili walio huru watoke. Wavu wenyewe unabaki. Ndiyo maana viyeyushi vinavyofanya makaa yavimbe ndivyo vinavyotoa zaidi. Piridini inaingia kwenye vifungo vya haidrojeni vinavyoshika mtandao, inavilegeza, na makaa ya bituminasi, aina nyeusi ya kawaida, yanaweza kuvimba mpaka karibu mara mbili ya ujazo wake. Heksani na mafuta ya taa hazina uwezo huo, kwa hiyo zinalamba juu juu tu.

Ukitaka kukata wavu wenyewe, unahitaji joto. Tetralini, kiyeyushi kingine kizito, ikipashwa hadi nyuzi 400 hivi ndani ya chombo cha shinikizo hutoa haidrojeni yake na kuwapa vipande vya mtandao vinavyokatika, na ni mojawapo ya njia zilizotumika Ujerumani katika miaka ya 1930 kutengeneza mafuta kutokana na makaa. Hiyo ni kazi ya kiwanda au maabara kubwa. Kwenye maabara ya chuo au sekondari usiiguse kabisa. Kuanzia hapa nazungumzia joto la chini, ambalo linatoa kilichokuwa huru tayari.

Namba zinazoamua

Kiyeyushi kinaitwa chepesi kwa mambo mawili: kinachemka kwenye joto dogo, kwa hiyo ni rahisi kukiondoa, na mnato wake ni mdogo, kwa hiyo kinapenya na kutiririka. Mnato hapa ni wa nyuzi 25, kwa milipaskali-sekunde. Maji, kwa kulinganisha, ni 0.89.

| Kiyeyushi | Kinachemka (°C) | Mnato | Kinachotoa kwenye makaa ya bituminasi |
|---|---|---|---|
| Kaboni disalfaidi | 46 | 0.35 | kidogo kikiwa peke yake |
| Asetoni | 56 | 0.31 | asilimia chache |
| THF (tetrahaidrofurani) | 66 | 0.46 | wastani |
| Toluini | 111 | 0.56 | kidogo |
| Piridini | 115 | 0.88 | kingi |
| NMP | 202 | 1.67 | kingi |

Tazama asetoni na NMP. Mnato wa NMP ni zaidi ya mara tano. Kwenye bomba lililojazwa makaa ya kusagwa, asetoni inashuka yenyewe kwa uzito wake. NMP inashuka polepole zaidi sana, na utatamani pampu au shinikizo la kuisukuma.

Asetoni dhidi ya THF

Hizi ndizo nyepesi mbili ninazoziweka mbele, na kati ya hizo chaguo langu ni THF, yaani tetrahaidrofurani.

Asetoni ina faida ya kupatikana. Ni ya bei nafuu, wauzaji wa kemikali wa Dar es Salaam wanayo siku zote, na ikimwagika unajua utaishughulikia vipi. Ila kwenye makaa inatoa sehemu ndogo na nyepesi tu, yenye rangi ya njano kuelekea hudhurungi. Kwa darasa linalotaka kuona kwamba ndani ya jiwe kuna kitu kinachotoka, inatosha sana. Kuna jambo moja dogo ambalo wanafunzi hulipenda: chukua tone la kimiminika kilichochujwa, kiongezee asetoni safi mpaka kionekane karibu kama maji matupu, uzime taa, kisha ukimulike kwa tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Kimiminika kinachoonekana hakina kitu kinawaka kwa mwanga wa buluu-kijani. Hizo ni molekuli za pete zilizoungana, zilizokaa ardhini tangu enzi ya Permi, zaidi ya miaka milioni 250. Tochi hiyo usiielekeze machoni.

THF inaingia ndani zaidi. Inavimbisha makaa vya kutosha, inatoa sehemu nzito ambazo asetoni haizifikii, na bado inachemka kwenye nyuzi 66, kwa hiyo ukimaliza inaondoka. Kwa makaa mengi ya bituminasi itakupa kiasi kilicho kati ya asetoni na piridini. Kasoro yake ni kubwa na lazima isemwe wazi: ikikaa na hewa na mwanga, THF hutengeneza peroksaidi, na peroksaidi zikibaki chini ya chupa wakati unakausha, zinaweza kulipuka. Nunua yenye kizuizi, yaani kemikali ya kuzuia peroksaidi, ndani yake, iweke kwenye chupa ya kahawia mahali penye baridi na giza, andika tarehe ya kuifungua, na kila mara kabla ya kuichemsha ipime kwa iyodaidi ya potasiamu kwenye asidi ya asetiki. Ikigeuka njano au hudhurungi, usiitumie. Na hata ikiwa safi, usiikaushe mpaka tone la mwisho kwenye moto. Acha kidogo, umalizie kwa hewa ya kawaida ndani ya kabati la kufyonzea mvuke.

Kama mwalimu au mtaalamu wa maabara hana uhakika wa kufanya kipimo hicho kila mara, basi abaki na asetoni. Hapo sina mjadala.

Toluini na thina

Toluini naipita haraka. Inatoa kidogo kuliko THF, inachemka juu zaidi, na mvuke wake ukiuvuta kwa muda unaumiza mishipa ya fahamu. Inafaa tu kama swali lako ni la sehemu zenye mafuta zisizo na oksijeni. Thina ya dukani iacheni kabisa: ni mchanganyiko ambao hubadilika kutoka kopo hadi kopo, na huwezi kupima kitu kwa kiyeyushi usichojua kina nini. Benzini ya zamani ya maabara, ile ya pete moja, nayo ikae kabatini mpaka ipatikane njia ya kuiteketeza. Inasababisha saratani ya damu.

Piridini na NMP: wazito

Tuwape haki yao. Tangu Clark na Wheeler wa Uingereza walipotumia piridini mwaka 1913 kuyagawa makaa katika sehemu, kisha wakaigawa sehemu iliyoyeyuka kwa klorofomu, piridini imebaki kuwa kipimo ambacho watu hurejea. Mwaka 1988 Masashi Iino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: kaboni disalfaidi ikichanganywa na NMP nusu kwa nusu, kwenye joto la kawaida la chumba, bila kuchemsha, ilitoa kati ya asilimia 30 na 66 ya makaa mengi ya bituminasi. Ikiwa peke yake, kaboni disalfaidi haifanyi kitu cha maana. Zikiwa pamoja, ile nyepesi inapunguza mnato na kupenya, NMP inalegeza vifungo. Kwa hiyo hata katika ushindi mkubwa wa mzito, mwepesi alikuwamo.

Sasa matatizo. Piridini ina harufu ya samaki aliyeoza inayoganda kwenye nguo na inayojulikana korido nzima, na mvuke wake una madhara. NMP haina harufu kali, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu inapita kwenye ngozi na inatambulika kuwa na madhara kwa uzazi. Mama mjamzito asiikaribie. Kaboni disalfaidi ni kiyeyushi nisichokishauri kabisa kwa maabara za huku. Mvuke wake unaweza kuwaka wenyewe ukigusa kitu chenye joto la nyuzi 90 na kitu. Haihitaji cheche. Bamba la kupashia joto linatosha, taa ya zamani ya balbu inatosha.

Na juu ya hayo yote kuna tatizo la mizani. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunishikia mirija miwili kwenye mwanga wa dirisha, mmoja hudhurungi, mwingine mweusi tii, akasema, "Mwalimu, huu wa piridini si ndio umeyeyusha zaidi?" Nikamwambia, "Huenda, mwanangu, lakini rangi haina gramu. Kapime mabaki." Alipopima mabaki ya piridini yalikuwa mazito kuliko alivyotegemea, na mabaki hayo yalikuwa bado yananuka. Piridini ilikuwa imekaa ndani ya makaa na haitaki kutoka.

Hesabu ndiyo inayosema

Tuseme umepima gramu 5.00 za makaa. Umeshapima mfano mwingine wa makaa hayo hayo na kukuta unyevu ni asilimia 4 na majivu asilimia 20. Maana yake una gramu 3.80 za kitu halisi cha makaa, 1.00 ni majivu na 0.20 ni maji. Baada ya kupitisha kiyeyushi na kukausha vizuri, mabaki yana gramu 4.34. Makaa makavu ya mwanzo yalikuwa 4.80, kwa hiyo kilichotoka ni gramu 0.46, ambayo ni asilimia 12.1 ya gramu 3.80.

Sasa weka kiyeyushi kizito ambacho asilimia 3 tu ya uzito wa mabaki imebaki imenaswa. Mabaki yatasoma 4.47, nawe utaandika asilimia 8.7. Na ukipima kile kilichoyeyuka badala ya mabaki, kosa linageuka upande wa pili: utaandika zaidi ya kilichotoka, kwa sababu kiyeyushi kimo mle ndani kinapimwa pamoja. Pande mbili hazitakutana na hutajua uamini ipi. Kwa hiyo pima zote mbili kila mara. Jumla ya mabaki na kilichotoka ikizidi makaa makavu uliyoanza nayo, kiyeyushi bado kimo.

Huku pwani kuna mtego mwingine. Makaa ya kusagwa yanavuta unyevu wa hewa, na Mtwara hewa ni nzito hasa masika. Ukisahau kutoa maji kwenye hesabu ile ya juu, utachukua 5.00 ukatoa 4.34, ukapata 0.66, na asilimia 12 inageuka 17. Kausha makaa kwanza, yapoze kwenye chombo chenye jeli ya silika, ndipo upime.

Wenye vifaa hutibu tatizo la viyeyushi vizito kwa kuosha mabaki kwa asetoni mara nyingi na kuyakausha kwenye ombwe kwa nyuzi 80 usiku kucha. Kama huna oveni ya ombwe, na nyingi za maabara zetu hazina, hoja ya piridini inaishia hapo.

Kuloweka au kupitisha

Ukiloweka makaa kwenye chupa, kimiminika kinashiba taratibu na kazi inapungua. Ukipitisha kiyeyushi kipya, kila kinachotoka kinabebwa na makaa yanakutana na kiyeyushi kisicho na kitu. Hiyo ndiyo siri ya kifaa cha Soxhlet, ambacho Franz von Soxhlet alikieleza mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa: kiyeyushi kinachemka chini, mvuke unapoa juu, matone yanashukia makaa yaliyo kwenye kikombe cha karatasi, kikijaa kinajimwaga chenyewe na kuanza upya. Nguvu ya kutiririsha inajulikana hata kwenye kazi kubwa: watafiti wa Kyoto walipopitisha tetralini ya moto bila kusimama katikati ya makaa, kwa joto lisilozidi nyuzi 350, walitoa zaidi ya nusu ya makaa.

Soxhlet ikitumiwa hapa Mtwara ina shida ambayo vitabu vya nchi za baridi haviisemi. Maji ya bomba yana joto. Kondensa inayopozwa kwa maji yaliyo karibu na nyuzi 30 haishiki vizuri mvuke wa asetoni unaochemka kwa 56, na utaona kiwango kwenye chupa kinashuka huku chumba kinanukia. THF kwa 66 inashikika vizuri zaidi, sababu nyingine ninayoipenda. Dawa ni ndoo ya maji na barafu, ile wanayouziwa wavuvi feri, na pampu ndogo ya kuzungusha maji hayo. Pampu na hita viwe kwenye waya mmoja wa umeme, ili umeme ukikatika vyote vizime pamoja. Kisichotakiwa ni hita kuendelea wakati maji yamesimama. Moto wa wazi, hata jiko la spiriti, usiwepo chumbani. Mivuke hii ni mizito kuliko hewa, inatambaa juu ya meza na kushuka sakafuni mpaka ikute mwali.

Usipokuwa na Soxhlet, bomba la kioo lenye pamba ya kioo chini linafaa, na hapa wepesi unalipa. Saga makaa mpaka yapite chujio la robo milimita, yachanganye na mchanga uliooshwa na kukaushwa, uzito sawa kwa sawa au mchanga zaidi, ujaze bila kushindilia. Mchanga una sababu: makaa yakivimba bila nafasi yanaziba njia, na kwa piridini yanaweza hata kupasua kioo. Pitisha asetoni au THF baridi kwa matone mpaka kinachotoka kiwe hakina rangi. Inachukua muda mrefu kuliko Soxhlet na inakula kiyeyushi kingi, lakini hakuna cha kuchemka wala cha kulinda usiku.

Usilaumu kiyeyushi kwa kosa la makaa

Matokeo ya Ulaya na Japani usiyategemee hapa kama yalivyo. Makaa yetu ya bonde la Ruhuhu, yakiwemo ya Ngaka, kama ya kusini mwa Afrika na India, ni ya Gondwana, bara la kale lililokuwa limeunganisha nchi hizi, na makaa ya Gondwana kwa kawaida yana sehemu kubwa zaidi ya inatiniti, yaani mimea iliyoungua au kuoza kwa hewa kabla ya kufukiwa. Inatiniti haiyeyuki kirahisi kwa kiyeyushi chochote. Majivu pia huwa mengi. Namba yako ikiwa ndogo kuliko ya kitabu, linganisha makaa kwanza. Vilevile punje zilizokaa uwanjani bandarini zikipigwa jua na mvua zimeshaanza kuliwa na oksijeni, na makaa yaliyooksidishwa hutoa kidogo. Omba kipande kikubwa, kipasue, uchukue cha ndani.

Nani achukue kipi

Mwalimu wa sekondari anayetaka onyesho la kipindi kimoja: asetoni, bomba la kioo, tochi ya noti. Mwanafunzi wa shahada anayelinganisha makaa ya tabaka mbili au machimbo mawili: THF kwa Soxhlet, na atumie kiyeyushi hicho hicho, muda huo huo, saizi hiyo hiyo ya punje kwa yote mawili, kwa sababu anatafuta tofauti na THF inaionyesha. Anayetaka kujua kiasi cha juu kabisa kinachoweza kutoka, au kufananisha na maandiko ya kimataifa, huyo hana budi kwenda kwa piridini au mchanganyiko wa NMP, na afanye kazi hiyo kwenye maabara yenye kabati la kufyonza linalofanya kazi kweli, oveni ya ombwe na mtu aliyezoea. Kumsafirishia sampuli ni rahisi kuliko kuleta chupa za kaboni disalfaidi kwa gari zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam.

Glavu za bluu za hospitali usizitegemee. Asetoni na THF hupita kwenye naitraili ndani ya dakika chache. Zikilowa, zivue papo hapo uoshe mikono, maana kilichotoka kwenye makaa kina molekuli za pete ambazo baadhi yake husababisha saratani. Mabaki ya kimiminika yaingie kwenye chupa yenye mfuniko na lebo, vyenye klorini vikae peke yake, na kisimwagwe hata tone kwenye sinki.